Suruali ya Bwana Harusi na Tenisi ya Wanawake

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mashindano Makubwa ya Tenisi,
Upande wa Wanawake, Mchezaji Mmoja Mmoja.

YAH: MASHINDANO YENU KUINGIA NDANI YA KAZI YANGU NA NDOA YANGU

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Naanza na salamu, maana lawama hazikimbii. Natumaini u mzima, na kamati yako ni nzima, na wale wanaokata nyasi za uwanja ni wazima. Mimi ni mzima wa mwili. Yaliyobaki utayasoma.

Mimi ni dobi. Nina chumba cha kufulia, ua wa kuanikia, na chumba cha kupigia pasi chenye meza tatu, dirisha moja na kiti kimoja kirefu. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na moja pamoja na mke wangu, na kwa miaka yote hiyo hatujawahi kukorofishana na mtu wa tenisi, kwa sababu hatukuwa tunamjua hata mmoja. Mpira wenyewe niliujua kwa kuwa mbwa wa jirani anao.

Leo ni Jumamosi, siku ya fainali yenu, na ni siku ya tano mke wangu yuko kwa dada yake. Ndiyo maana naandika. Sina nia ya kumgombeza mtu mkubwa kama wewe, lakini maji yamezidi unga, na kwa kuwa chanzo ni mashindano yako, nimeona nikupangie malalamiko yangu kwa namba, usije ukasema hukuelewa.

1. Kuhusu televisheni. Mama mkwe wangu alikuja kwetu mwezi huu kwa ajili ya goti lake linalomsumbua. Kukaa sebuleni peke yake kutwa nzima akihesabu vigae hakukumfaa, akaomba televisheni ihamishiwe chumba cha pasi akae na wanawake wenzake. Niliibeba mwenyewe na waya nikauvuta mwenyewe, kwa kuwa mama mkwe akiomba jambo, mkwe haulizi kwa nini. Siku ya kwanza tulitazama habari. Siku ya pili mama mkwe alibonyeza kitufe asichokijua, akatokea binti kavaa nyeupe juu hadi chini, anadundadunda mpira huku anawaza, na tangu hapo kitufe hakikuguswa tena. Nakuuliza kwa heshima, kwa nini mashindano yenu yachukue wiki mbili nzima? Hata harusi ya tajiri haifiki huko.

2. Kuhusu makelele. Wachezaji wenu hawapigi mpira kimya kimya. Kila wakiupiga wanaguna, na wengine wanaguna hadi mtu anayesikiliza bila kutazama anapata mawazo. Nina wapiga pasi wawili, mmoja tunamwita Mrefu na mwingine tunamwita Kimya. Kimya amefanya kazi kwangu miaka sita, na sidhani kama nimesikia kutoka kwake maneno zaidi ya hamsini, mengi yakiwa “ndiyo”. Siku ya nne ya mashindano alikandamiza kola ya shati akaguna kwa sauti ambayo sikujua anayo. Mrefu akamjibu. Mke wangu, ambaye ndiye msimamizi na ndiye aliyepaswa kuwanyamazisha, akaguna kuwapita wote. Muuguzi wa nyumba ya pili alikuja mbio na glavu mkononi, anauliza uchungu umeanza saa ngapi. Nikamweleza kwamba ni mashati. Hakuniamini mpaka alipoingia ndani, na alipoingia hakutoka mpaka seti ya pili ilipokwisha.

3. Kuhusu kubadilishana upande. Mmewazoesha wachezaji wenu kukaa chini kila mara, kujifunika taulo kichwani, kula nusu ya ndizi, halafu kuhamia upande wa pili wa uwanja. Nafahamu kuwa huhama baada ya gemu ya namba witiri. Nafahamu kwa sababu sasa huo ndio utaratibu wa chumba changu. Likikamilika shati la kwanza, la tatu, la tano, wapiga pasi wangu wanahama meza: wa meza ya kwanza anakwenda ya pili, wa pili anakwenda ya tatu, wa tatu anarudi ya kwanza, na mke wangu anapumzika kidogo na taulo kichwani. Taulo lenyewe ni la mteja.

Hapa naomba utulie usome polepole, kwa sababu kesi yote imesimama hapa. Katika kazi yetu kuna sheria moja, niliyoiandika mwenyewe kwa chaki juu ya mlango: Meza yako, doa lako. Maana yake ni kwamba nguo ikiungua hatuapizani wala hatutafutani uchawi. Tunaangalia imeungulia meza gani, na mwenye meza ndiye mwenye kosa. Sheria hii imetuepusha na ugomvi kwa miaka mingi. Lakini ilitungwa wakati kila mtu ana meza yake. Haikutungiwa watu wanaohamahama.

4. Kuhusu hesabu. Nyumba ya wageni iliyo nyuma yetu hutuletea mashuka kila Jumatatu, na Mrefu ndiye anayeyapokea. Jumatatu hii alipokea mashuka manne, akayaandika kwenye daftari lao kwa mwandiko mzuri kabisa: kumi na tano, thelathini, arobaini, gemu. Msimamizi mpya wa nyumba ya wageni, ambaye hakuwepo nguo zilipoletwa, alikuja na mkokoteni kuchukua mashuka arobaini, na akataka kujua hiyo gemu ni shuka la ukubwa gani. Nilipomkabidhi manne alinitazama kwa jicho ambalo sijatazamwa tangu nianze kazi. Mheshimiwa, mnahesabuje? Mpira mmoja tu mtu ana kumi na tano. Na kama mna nguvu za kuruka kumi na tano kumi na tano, kwa nini mkifika thelathini mnachoka mnaongeza kumi? Nimewauliza watu watatu wenye elimu zao, na kila mmoja amenipa jibu lake.

5. Kuhusu rufaa. Mama mkwe, kwa sababu ya goti, hawezi kukaa chini sana. Tukampa kile kiti kirefu ambacho mimi hupandia kubadilisha taa, tukamwekea mto. Sikuona hatari yoyote. Baada ya siku tatu alikuwa mwamuzi. Kwenye mashindano yenu mchezaji asiporidhika anainua kidole, na skrini kubwa inawachorea watu mpira uliangukia wapi. Mke wangu aliupenda sana utaratibu huu, akajipa rufaa tatu kwa siku. Ya kwanza ilihusu nani alisahau kununua wanga wa kukazia kola. Nikashindwa. Ya pili ilihusu bomba lililoachwa wazi ua mzima ukafurika, jambo la miaka tisa iliyopita ambalo nilidhani tumelizika. Siku ya bomba mama mkwe hakuwepo, alikuwa kwake, safari ya siku nzima kutoka hapa. Lakini alifumba macho kidogo, akayafumbua, akatangaza kuwa mpira wangu ulikuwa nje. Sasa mkwe aseme nini? Mama mkwe hapingwi, na hilo halikuanza na tenisi.

Na kuna kanuni yenu nyingine mbaya zaidi, kwamba anayeshinda rufaa haipotezi. Kwa hiyo mke wangu alikuwa na rufaa tatu asubuhi, tatu mchana na tatu wakati wa kufunga kazi.

6. Kuhusu Mama wa Watu. Hilo ndilo jina ambalo mama mkwe amempa yule mchezaji wenu wa miaka thelathini na nane mwenye watoto wawili, ambaye magazeti yalimstaafisha tangu mwaka juzi. Raundi ya kwanza alifungwa seti ya kwanza vibaya. Nilimwambia mke wangu kwa nia njema kuwa huyu amekwisha, akapumzike na wanawe. Mke wangu aliendelea na pasi yake. Mama wa Watu akashinda. Raundi ya pili vilevile. Kufikia raundi ya nne mke wangu alikuwa anatembea mabega juu. Siku hiyo, tunakunja mashuka uani, aliniuliza kama nimewahi kuhesabu mashati aliyoyapiga pasi kwa miaka ishirini na moja. Nikasema hapana. Akasema hata yeye hajui, ila angependa siku moja, shati likiisha, mtu asimame ampigie makofi. Mheshimiwa, mtu mzima, mke wa mtu, anataka makofi kwa sababu ya shati. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Halafu, kwa kuwa tumemtaja, kuna suala la nguo zake. Mama wa Watu anateleza sana, na ile sketi yake ina doa la majani upande wa kulia ambalo nimeliona katika mechi tatu mfululizo. Anayemfulia hajui kazi. Asilichemshe, akilichemsha ndiyo amelifunga moja kwa moja. Aloweke kwenye maji ya baridi na siki kidogo, asugue kwa kidole wala asitumie brashi, aanike juani. Mimi simshabikii mtu, ila doa linanikosesha raha.

7. Kuhusu suruali. Jumanne, siku ya robo fainali, tulikuwa na suti ya bwana harusi. Yeye ni fundi magari wa gereji ya mtaani kwetu, anaoa kesho, na alikuwa ameshona suti ya rangi ya maziwa, maskini, mtu ambaye maisha yake yote ni oili. Koti lilikuwa limeshakamilika na kutundikwa. Suruali ilikuwa meza ya pili.

Sasa elewa hali ilivyokuwa. Mama wa Watu alikuwa ameshinda seti moja na kupoteza moja. Katika ya tatu alikuwa na gemu tano kwa nne, arobaini kwa thelathini, amebakiza pointi moja tu. Mwenzake, binti wa mkono wa kushoto ambaye hana huruma, akaurudisha mpira chini kabisa kwenye kona. Mama wa Watu akakimbia, akateleza, goti likagusa nyasi, akauchota mpira kutoka chini. Ukapanda taratibu, ukagusa utepe wa wavu, ukasita pale juu, halafu ukadondokea upande wa yule binti. Uwanja mzima ulisimama. Katika maisha yangu sijawahi kuona kitu cha namna ile. Nasema haya ili ujue mazingira ya tukio tu.

Wakati huohuo suruali ya bwana harusi iliungua paja la kushoto, alama kamili ya pasi, na ncha yake imeelekea gotini. Nani alikuwa amesimama wapi ni mambo marefu na sitaki kukuchosha. Kilicho wazi ni kwamba bwana harusi alifika nusu saa baadaye, akaiona, akakaa chini kwenye kapu la nguo chafu. Ikabidi mwenye nyumba nitoe uamuzi. Nikahesabu mashati, nikahesabu mizunguko, na kwa mzunguko ule meza ya pili ilikuwa ya mke wangu. Nikamwonyesha kwa mkono, mbele ya mteja, Mrefu, Kimya na mama mkwe, nikasema aliyeunguza ni huyu.

Mke wangu alinitazama. Akauliza neno moja.

“Una hakika?”

Nami nikamjibu kama sheria inavyosema.

“Meza yako, doa lako.”

Akavua aproni, akaikunja mara nne kama anavyokunja siku zote, akaiweka juu ya meza ya pili, akachukua mkoba wake na kwenda kwa dada yake. Na hapa kuna ushahidi ambao kamati yako haiwezi kuupinga: siku ile alikuwa na rufaa zake zote tatu, na hakutumia hata moja. Mtu asiye na kosa anaachaje rufaa tatu mfukoni? Mama mkwe ambaye ndiye mwamuzi alikuwa amesinzia wakati wa tukio, hakuona kitu. Alikaa nasi hadi Alhamisi, Mama wa Watu aliposhinda nusu fainali, kisha akafunga mzigo wake akamfuata binti yake. Mlangoni alisimama akaniambia, “Mwanangu, mimi nilisinzia. Wewe ulikuwa macho.” Nimeyatafakari maneno haya na sioni yanahusiana na nini.

Suruali yenyewe imeshatibiwa. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara alikuwa na kipande cha kitambaa kilekile, akatia mguu mpya mzima. Bwana harusi ameshasamehe, ana mengine ya kuogopa.

8. Kuhusu sare. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mpira wa miguu una sare. Watu wanahangaika dakika tisini, kila timu inachukua pointi yake, wanakwenda nyumbani kula. Ndoa yangu imekwenda miaka ishirini na moja kwa sare. Tukikosana, yeye ananuna siku mbili, mimi nanuna siku mbili, na siku ya tano tunakutana kwenye kamba ya kuanikia. Kila mmoja anashika ncha yake ya shuka, tunakunja, imekwisha. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi hata mara moja, na tumelea watoto hivyo hivyo.

Tenisi haina kitu hicho. Hakuna anayetoka uwanjani mpaka mmoja ashindwe, na huyo aliyeshindwa lazima atembee kwa miguu yake hadi kwenye wavu, watu wote wanamtazama, ampe mwenzake mkono. Mke wangu amelitazama jambo hili siku tisa mfululizo. Leo ni siku ya tano. Asubuhi nilitoka uani nikasimama kwenye kamba, nikashika ncha ya shuka, nikangoja. Mrefu alipita na beseni, akaniona, akageukia upande mwingine. Shuka nilikunja peke yangu na limekaa vibaya.

Kwa sababu hizo nane naomba kamati yako ifanye yafuatayo. Kwanza, mashindano ya wanawake yachezwe siku mbili tu, tena siku ambazo watu hawapigi pasi. Pili, rufaa ifutwe, na mwamuzi akishasema basi iwe basi, kama ilivyokuwa zamani nyumbani kwangu. Tatu, iruhusiwe sare. Nne, na hili ndilo kubwa, naomba umwandikie mke wangu barua rasmi yenye muhuri, umweleze kuwa aliyeunguza suruali ya bwana harusi si yeye wala si mtu mwingine yeyote wa nyumba hii, bali ni mashindano. Ukisema hivyo hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa, na anaweza kurudi Jumatatu kabla mashuka hayajafika. Ninyi ni watu wakubwa, kosa moja haliwapunguzii kitu.

Niwie radhi kwa urefu wa barua. Nisalimie waamuzi wote, hasa wale wa viti virefu. Nisalimie wanaookota mipira na wanaofunga wavu. Msalimie binti wa mkono wa kushoto, mwambie asivunjike moyo. Na Mama wa Watu msalimie sana, mwambie goti alikande kwa maji ya moto, na lile doa asisahau.

Ni mimi, ninayekuheshimu ingawa hatujapatana,

Dobi wa meza tatu.

Tanbihi: Nimeisoma barua hii tangu juu kabla ya kuifunga, na naona kwenye namba saba kuna mahali nimeparuka.

Mvua ilianza kudondoka. Mrefu na Kimya walitoka mbio kuanua mashuka. Mke wangu alikuwa meza ya pili, pasi mkononi. Alitazama televisheni, akatazama dirishani, akanipa pasi, akasema nimshikie mara moja, akawafuata wenzake. Mama wa Watu alikuwa amebakiza pointi moja, na mke wangu ndiye aliyempenda kuliko sisi sote, lakini alikwenda kuanua mashuka ya watu. Mimi ndiye niliyebaki. Mpira ulipodondoka upande wa pili niliiweka pasi chini nipate kupiga makofi. Niliiweka juu ya suruali.

Rufaa tatu hakuzitumia kwa sababu mteja alikuwa amekaa pale kwenye kapu, na hakutaka mteja amwone mumewe anaumbuka. Nimelijua hilo tangu Jumanne, kabla hajamaliza kuikunja aproni.

Kwa hiyo yote niliyoyaomba yafute, na barua yenye muhuri usiandike. Hii nayo siipeleki posta, naibeba mkononi. Sasa ni saa tisa na dakika tano, fainali imeshaanza, na televisheni nimeizima. Nitapita kwanza gereji nimwambie bwana harusi, maana ni mbele yake nilipomwaibisha mke wangu. Kutoka hapo hadi kwa shemeji ni mwendo wa robo saa. Nitabisha hodi, nitasema mbele ya mama mkwe na yeyote atakayekuwepo kuwa aliyeunguza ni mimi. Wakiniruhusu kukaa, nitauliza nani anaongoza.